Mambo ya Kuzingatia Kabla Kuku Wako Hajaugua au Kujeruhiwa

Tenga mahali pa mgonjwa mapema. Boksi au tenga kubwa lenye maranda makavu, lisilopigwa na upepo wala kufikiwa na kuku wengine, liwe tayari wakati banda zima lina afya, kwa sababu kuku wakiona damu hawaachi kuidonoa, na mwenye kidonda kidogo asubuhi hukutwa jioni ametobolewa mgongo. Weka iodini, chumvi, pamba, glavu, glukosi, na bomba la sindano lisilo na sindano. Namba ya bwana mifugo iwe kwenye simu.

Kuhusu kumnywesha, zingatia sana. Jirani yangu alikuwa na tetea aliyezubaa, mabawa yameshuka, hali wala hanywi. Kwa huruma alimshika, akampanua mdomo na kummiminia maji ya shubiri kwa kijiko hadi yakafurika. Tetea alikoroma, mapovu yakamtoka puani, akafa papo hapo mikononi mwake, na jirani akaamini kwamba ni ugonjwa uliomuua. Mfungue kuku mdomo utazame: nyuma ya ulimi kuna kitundu kinachofunguka na kujifunga kila anapopumua. Hiyo ndiyo njia ya hewa, na maji yakimiminwa kwa wingi huingia humo na kufika mapafuni. Tone moja liwekwe pembeni mwa mdomo, usubiri alimeze mwenyewe, ndipo utie jingine. Aliyelegea kiasi cha kushindwa kumeza apewe joto kwanza, asinyweshwe kitu.

Kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi, kipakwe iodini, kisha kikaguliwe kila siku kwa kufunua manyoya, kwani inzi hutaga humo na mabuu huweza kuanguliwa ndani ya siku moja.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauna tiba. Chanjo yake ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi 3, hupewa kuku wenye afya. Ukisubiri hadi uone kinyesi cha kijani na shingo iliyopinda, umechelewa.

Mayai na nyama ya kuku aliyepewa antibiotiki visiliwe kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha. Mhudumie mgonjwa baada ya wazima, badilisha viatu, nawa kwa sabuni. Wakifa wengi kwa ghafla, usiwachinje, usiwauze, usiwatupe jalalani. Toa taarifa kwa afisa mifugo, na watoto wasisogee bandani.