Kabla ya kupanga ratiba ya MBA, uliza jua linazama saa ngapi

Kigoma jua huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Nilipokabidhiwa uratibu wa darasa la jioni la MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) hapa Kigoma, nilikuta ratiba imeshapangwa na mtu aliyekaa Dar: kipindi saa moja hadi saa tatu usiku. Ramadhani ikaangukia Machi. Mfungaji wa Dar saa moja ameshafungua, lakini huku kwetu adhana ya magharibi inalia mwalimu ndiyo kwanza ameandika kichwa cha somo. Karibu nusu ya darasa walikuwa wanatoka na kurudi, na wanaokosa dakika ishirini za hesabu za fedha hawazipati tena. Tulihamishia kipindi saa kumi na moja hadi saa moja kamili. Wa maofisini wanawahi, mfungaji anabakiwa na robo saa ya kutafuta tende zake. Haikugharimu hata shilingi.

Ukipokea darasa la namna hii, wiki ya kwanza kaa na kila mwanafunzi dakika kumi, peke yenu, mlango umerudishiwa. Usimuulize ana tatizo gani, maana atajibu hana. Muulize: unafika nyumbani saa ngapi? Ada inatoka wapi, na inaingia lini? Unasomaje, kwa macho, kwa masikio, kwa simu au kwa karatasi? Unahesabu kichwani kwa lugha gani? Andika majibu kwenye daftari lako, si kwenye kundi la WhatsApp.

Swali la tatu mimi sikuliuliza mwaka wangu wa kwanza, na aliyeumia ni kaka mmoja asiyeona. Nilikuwa napiga picha kurasa za kitabu na kuzituma. Wiki tatu zikapita. Siku moja akanifuata koridoni akasema, "Dada, simu yangu inasema 'picha', halafu inanyamaza." Muda wote huo alikuwa akisomewa na mpwa wake wa darasa la saba, aliyekuwa akihangaika kutamka maneno ya uhasibu. Bado linaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutuma faili lolote, lifungue na ujaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Neno likikubali kuchaguliwa, programu ya kusoma skrini, inayomsomea asiyeona kwa sauti, mara nyingi italisoma. Ukurasa wote ukishikika kama kipande kimoja, hiyo ni picha, chapa upya. Programu za namna hiyo zipo: simu nyingi za Android tayari zina TalkBack ndani, na kwa kompyuta ya Windows kuna NVDA, ambayo ni bure. Kwenye majedwali weka vichwa mstari wa kwanza na usiunganishe visanduku, maana msikilizaji anapotea humo. Ukifundisha grafu, acha kusema "kama mnavyoona hapa". Sema: "Mauzo yanaanza milioni mbili Januari, yanafika tano Juni, kisha yanashuka." Utashangaa wenye macho nao wanavyoanza kuandika. Ofisi ikikwambia huo ni upendeleo, wakumbushe kuwa tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010.

Sasa ada. Tulikuwa na mama anayenunua dagaa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, na kuwapeleka mikoa ya mbali na ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Biashara yake ikasimama, na mtihani ulikuwa unadai ada yote. Hakuomba msaada, aliacha tu kuja. Mtu wa hivyo mfuate mapema, kabla jina lake halijabandikwa ubaoni kama mdaiwa wa ada, na mwandike pamoja barua ya kulipa kwa awamu. Tarehe za awamu zifuate pesa yake inavyoingia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika. Tulipanga malipo yake yaangukie mwishoni mwa giza, na akalipa kila awamu kwa tarehe yake.

Aliporudi nilimwomba ruhusa tutumie biashara yake kufundishia mtaji wa mzunguko, yaani fedha za kuendeshea biashara siku hadi siku. Kabla ya hapo mifano ilikuwa ya kampuni za Marekani na darasa lilikuwa kimya. Siku ile walibishana hadi mlinzi akaja na funguo: anunue kwa fedha taslimu au kwa mkopo wa mvuvi? Mzigo ukichelewa stesheni, nani anabeba hasara?

Makundi ya kazi panga mwenyewe. Ukiwaachia, wa benki watakaa na wa benki, na mwenzetu kutoka Burundi aliyesomea Kifaransa atabaki na kiti kitupu pembeni. Wajadili kwanza kwa Kiswahili hadi waelewe, kisha ndipo waandike Kiingereza cha mtihani. Uenyekiti uzunguke kila wiki. Ukatibu nao uzunguke. Hilo ninalisisitiza kwa sababu nimehesabu, na muhula mzima ukatibu ulikuwa wa wanawake, wanaandika mawazo ya wenzao huku ya kwao hayasikiki.

Mwenye mtoto mchanga mpe kiti cha karibu na mlango na chumba chenye pazia. Anayekuja kumbebea mtoto naye apewe pa kukaa, asiachwe nje kwenye mbu.

Ratiba ya muhula mpya ikitoka, mtumie kwanza yule asiyeona, kisha mpigie umwombe akusomee alichosikia. Kikilingana na ulichoandika, tuma kwa darasa zima.