Jinsi ya Kuchagua Prosesa ya Viini Vingi kwa Seva ya Biashara

Anayenunua seva ya biashara siku hizi huwekewa mbele prosesa zenye viini 8 hadi 192 au zaidi (kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake), na kishawishi cha kwanza ni kuchukua idadi kubwa kadiri bajeti inavyoruhusu. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: chunguza kwanza kazi yenyewe, ujue ni sehemu gani yake inayoweza kugawanywa, kisha ndipo uhesabu viini. Viini vya ziada vina gharama hata vikikaa bila kazi, kwa sababu vinaweza kutozwa leseni, vinakula umeme, na mara nyingi huambatana na kasi ndogo zaidi kwa kila kiini.

Inafaa kufahamu viini hivi vilitoka wapi, maana historia yake ndiyo inayoeleza tofauti unazoziona kwenye orodha za wauzaji. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, nguvu ya prosesa iliongezwa hasa kwa kupandisha kasi ya saa yake (idadi ya mapigo yake kwa sekunde), mpaka joto likawa kizuizi: Pentium 4 ya Intel iliishia gigahezi 3.8. IBM ilikuwa imekwisha kutoa POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001, AMD ikaleta prosesa ya seva ya Opteron yenye viini viwili mwaka 2005, na Intel ikafuata na Xeon yake ya aina hiyo mwaka huohuo. Hatua kubwa iliyokuja baadaye ilikuwa kuigawa prosesa katika vipande kadhaa vya silikoni na kuviunganisha ndani ya kifurushi kimoja. Prosesa ya seva ya EPYC ya AMD ya mwaka 2017 ilifikia viini 32 kwa vipande vinne. Ile ya mwaka 2019 ilifikia 64, vipande vya viini vikiwa vimezunguka kipande cha katikati kinachosimamia kumbukumbu na mawasiliano. Faida yake ni ya kiwandani: kasoro ikitokea, kinachotupwa ni kipande kidogo badala ya prosesa nzima.

Kufikia mwaka 2024 njia hiyo ilikuwa imegawanyika mara mbili, na hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa makini. Upande mmoja kuna viini vikubwa vyenye kasi na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya kutosha, ambavyo mwaka huo vilifika 128 katika EPYC na vilevile katika Xeon 6. Upande wa pili kuna viini vidogo vinavyobanwa vingi pamoja, ambavyo vilifika 192 kwa EPYC na 144 kwa Xeon 6 ya kundi hilo iliyotoka mwaka huo. Viini vidogo vya AMD vinaelewa amri zilezile za vile vikubwa lakini vina kache ndogo na kasi ya chini, ilhali vile vya Intel havina uwezo wa kuendesha nyuzi mbili (mifuatano miwili ya amri kwa wakati mmoja) kwa kiini wala amri za AVX-512, zinazochakata data nyingi kwa mkupuo. Kwa hiyo idadi ya viini peke yake haitoshi kulinganisha prosesa mbili.

Pima kabla ya kununua

Ingia kwenye seva uliyonayo wakati kazi imepamba moto, kwa mfano saa za kufunga hesabu za mwezi, kwa sababu vipimo vya usiku wa manane vitakudanganya. Kwenye Linux, amri ya lscpu itakuonyesha idadi ya soketi (nafasi za kuchomekea prosesa), viini na nyuzi. Amri ya mpstat -P ALL 5 itakuonyesha matumizi ya kila kiini kila baada ya sekunde tano. Soma safu moja baada ya nyingine. Ukikuta kiini kimoja kimeganda kwenye asilimia 100 huku vingine vikiwa karibu na sifuri, tatizo lako ni kazi isiyogawanyika, na dawa yake ni kiini chenye kasi zaidi au programu iliyoandikwa upya. Kuongeza viini hakutasaidia chochote. Ukikuta vyote vimepanda kwa pamoja, na safu ya r katika amri ya vmstat, yaani kazi zinazoendeshwa au zinazosubiri prosesa, inabaki juu ya idadi ya nyuzi za seva, basi kweli kuna foleni na viini zaidi vitaipunguza.

Jihadhari na wastani wa mzigo unaoonyeshwa na amri ya uptime. Kwenye Linux, tarakimu hiyo inahesabu pia kazi zinazongojea diski, hivyo seva yenye diski nzito inaweza kuonekana imeelemewa wakati prosesa yake imetulia. Thibitisha kwa kutazama safu ya iowait katika mpstat, yaani muda ambao prosesa imekaa ikingoja diski: ikiwa juu, fedha zako ziende kwenye diski. Ikiwa seva ni mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva halisi), tazama na safu ya steal, inayoonyesha muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi lakini prosesa halisi ilikuwa ikiwahudumia wengine.

Baada ya kupima, fanya hesabu fupi ambayo mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl aliiwekea msingi mwaka 1967. Kazi ambayo asilimia 90 yake inagawanyika na asilimia 10 haigawanyiki itakwenda mara 6.4 kwa kasi zaidi ukiipa viini 16, na mara 8.8 tu ukiipa viini 64; hata ukiipa viini elfu haitafika mara kumi. Hii ndiyo hesabu ambayo ningependa kila anayesaini hati ya manunuzi aione kwanza. Hata hivyo, inahusu kazi moja. Seva inayohudumia maombi mengi ya watumiaji tofauti, au mashine pepe nyingi zisizotegemeana, hunufaika na viini vingi zaidi ya hapo, kwa kuwa kila ombi linakwenda njia yake.

Programu unayoendesha huamua uko upande gani. Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu, hutekeleza amri zake katika uzi mmoja, na mchakato mmoja wa Node.js, programu ya kuendeshea JavaScript kwenye seva, huendesha msimbo wako wa JavaScript vivyo hivyo, hivyo ili utumie viini zaidi kwa kawaida huna budi kuendesha michakato kadhaa. Hifadhidata ya PostgreSQL hutenga mchakato kwa kila muunganisho, na tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016 inaweza pia kugawa hoja moja (ombi la data) kwa michakato kadhaa ya wafanyakazi, ingawa hoja nyingi fupi hazifaidiki na mgawanyo huo. Mwulize mtayarishaji wa programu yako ya uhasibu au ya mishahara swali hili moja kwa moja: je, ripoti moja ndefu inatumia viini vingapi? Jibu lake lina uzito kuliko majedwali ya majaribio ya kasi.

Leseni na kumbukumbu

Leseni zinaweza kuzidi bei ya seva yenyewe. Hifadhidata ya SQL Server ya Microsoft imeuzwa kwa kiini tangu toleo la 2012, na kwa seva halisi angalau viini vinne kwa kila prosesa hulipiwa. Windows Server ilihamia kwenye viini kuanzia toleo la 2016, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa seva. Anayechukua prosesa ya viini 64 pale ambapo 16 vyenye kasi vingetosha, huenda akalipia leseni mara nne kila anapohuisha mkataba. Watengenezaji wa prosesa wanalijua hilo, ndiyo maana wapo wanaotoa modeli zenye viini vichache na kache kubwa: EPYC 9175F ina viini 16 tu, kache ya megabaiti 512, na kasi inayoweza kufika gigahezi 5. Kwa hifadhidata inayolipiwa kwa kiini, modeli ya aina hiyo ndiyo ningeitazama mwanzo.

Kisha jaza chaneli za kumbukumbu, yaani njia zinazopitisha data kati ya RAM na prosesa. Prosesa ya EPYC ya aina hiyo ina chaneli 12 za RAM ya DDR5, na ukiweka vipande vinne tu vya RAM umeipa theluthi moja ya upana wa njia yake. Viini vitangojea data na utadhani prosesa ni dhaifu. Ni afadhali vipande 12 vidogo kuliko vinne vikubwa vyenye jumla ileile. Katika seva ya soketi mbili, kila prosesa ina kumbukumbu iliyo karibu nayo, na kufuata data iliyo upande wa pili huchukua muda mrefu zaidi. Amri ya numactl --hardware huonyesha mpangilio huo, nawe upange mashine pepe kubwa ili viini vyake na kumbukumbu yake viwe upande mmoja.

Umeme usisahaulike: modeli za juu za mwaka 2024 hufikia wati 500 kwa soketi, kwa hiyo hakikisha kabati na mfumo wa kupoza vinaweza kubeba mzigo huo kabla ya kuagiza. Ikiwa unakodi wingu badala ya kununua, kumbuka kwamba prosesa pepe moja mara nyingi ni uzi mmoja wa kiini, na nyuzi mbili za kiini kimoja hazileti nguvu ya viini viwili.

Mwisho, omba seva ya majaribio. Uiwekee nakala ya data yako na mzigo unaofanana na wa siku yenye kazi nyingi, uanze kwa kuzima viini vingi kupitia /sys/devices/system/cpu, kisha uviwashe kwa hatua za 8, 16, 32 na 64. Kila hatua andika idadi ya miamala kwa sekunde na muda wa ombi lililochelewa zaidi. Pale ambapo kuongeza viini maradufu kunaleta nyongeza ndogo kuliko gharama ya leseni zake, chukua modeli ya hatua iliyotangulia, na kiasi kilichobaki kielekeze kwenye kumbukumbu na diski.