Drifti kwenye rafu rodi ndani ya Forza Horizon 5: kona inaanza kabla ya kona

Jioni hapa kwenye kibanda chetu cha gemu Kirumba, Mwanza, mtu akishika padi na kuingia barabara ya vumbi kupiga drifti, yaani kulipitisha gari kwenye kona likiteleza kwa ubavu, sekunde kumi zinanitosha kujua kama amezoea lami. Anaifuata kona kwa kasi, anafika katikati, anabana hendibreki kwa nguvu zote, gari linazunguka kama pia na kusimama likitazama lilikotoka. Halafu ananigeukia: "Kaka, hii padi mbovu."

Padi mbili kati ya zetu kweli ni mbovu, nitafika huko. Ila mara nyingi tatizo si padi. Amechelewa. Kwenye vumbi, ukisubiri ufike kwenye kona ndipo ugeuze gari, kona imeshakupita.

Gemu ninayoizungumzia ni Forza Horizon 5, ile ya Meksiko, iliyotoka Novemba 2021 kwa Xbox na kompyuta, kisha Aprili 2025 ikaingia PS5. Kama una Forza Horizon 4, ile ya Uingereza, karibu kila kitu hapa kitakufaa.

Hatua ya 1: padi kwanza

Fungua mipangilio ya udhibiti, nenda sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced), utakuta dedizoni. Dedizoni ni ule mwendo wa stiki au kitufe ambao gemu inaupuuza. Kwa usukani, punguza dedizoni ya ndani, ile ya mwanzo wa mwendo, mpaka karibu na sifuri, halafu achia stiki na uangalie. Gari likienda lenyewe kushoto au kulia, stiki imechoka; panda kidogo kidogo mpaka litulie. Padi zetu mbili zinakaa kwenye 12 na 15, na wateja wamezoea. Wengine wanazikimbilia, eti zina bahati.

Kwa mafuta, dedizoni ya nje, ile ya mwisho wa mwendo, iweke 100. Drifti ya vumbi inaishi kwenye nusu ya kitufe cha mafuta, sasa kama gemu inakupa mafuta yote kabla kidole hakijafika mwisho, umenyang'anywa nusu ya kazi.

Hatua ya 2: wafukuze wasaidizi

Kwenye menyu ya ugumu, zima trakisheni kontroli na stabiliti kontroli. Hizo kazi yake ni kuzuia tairi zisiteleze, na sisi kuteleza ndiko tulikokuja kutafuta. ABS, inayozuia tairi zisijifunge ukibana breki, iache imewashwa, haikudhuru. Usukani uweke kwenye stendadi. Simulesheni, ule usukani mgumu zaidi, utaijaribu siku umeshazoea, na wala hakuna atakayekucheka ukibaki stendadi.

Gia weka za mkono. Hili madogo wengi wanalipinga, kwa hiyo nieleze. Tairi zikianza kuzunguka bure, mzunguko wa injini unapanda. Gia za otomatiki zinaona hivyo, zinadhani umeshapata kasi, zinapandisha gia. Nguvu inakatika katikati ya mtelezo, tairi zinashika, gari linanyooka na kukupeleka porini. Kumbe hukukosea kitu; gia ndizo zilizokugeuka. Kwa gia za mkono unashika ya pili au ya tatu na kubaki nayo kona nzima. Klachi huihitaji kwa sasa.

Hatua ya 3: gari

Kila mtu hapa anataka Subaru. Mwanza hii, mlio wa Subaru ukipita Barabara ya Nyerere usiku, kibanda kizima kinageuza shingo. Na ndani ya gemu Impreza 22B-STi ya 1998 ni gari zuri sana la vumbi. Lakini nakuomba uanze na Ford Escort RS1800 ya 1977. Ni jepesi, linavuta tairi za nyuma tu, na halina nguvu za kukutisha. Gari linalovuta tairi zote nne linaficha makosa: ukikosea unakanyaga mafuta, tairi za mbele zinakuburuta mpaka utoke. Escort halina huruma hiyo, litakuonyesha kidole chako kilipokosea. Siku ukilimudu, ndipo urudi kwenye Subaru kuvuna pointi.

Gemu inayapanga magari kwa makundi kulingana na uwezo wake; libakize kundi B, yaani alama zake zisizidi 700. Nimeona watu wakiweka injini kubwa hadi kundi S1, la juu zaidi ya B, kisha wakalalamika kwamba vumbi ni gumu.

Hatua ya 4: kwa fundi

Tairi weka za rali. Achana na tairi za drifti. Zimetengenezwa kwa lami. Springi na shokapu pia za rali, kwa sababu zinalipandisha gari na kulipa nafasi ya kumeza mashimo. Zile za drifti zinakupa usukani unaokata zaidi, ni kweli, lakini zinalilaza gari chini, na kila tuta linakurusha.

Sasa mpangilio. Namba hizi ni zangu, nimezipata kwa kukaa na gemu, wewe zichukue kama pa kuanzia tu. Upepo wa tairi nashusha kidogo chini ya ule gari linaokuja nao, mbele na nyuma. Stabilaiza, zile fito zinazozuia gari lisilale upande kwenye kona, zote nalainisha, ya nyuma ikibaki ngumu kidogo kuliko ya mbele. Uwiano wa gia ya mwisho nausogeza mpaka gia ya tatu inibebe kuanzia kama kilomita 60 kwa saa hadi 110 bila kugonga mwisho.

Difu ndilo la kukaa nalo. Difu linaamua kama tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja au kila moja kivyake. Likiwa wazi, ukikanyaga mafuta kwenye kona tairi ya ndani inazunguka peke yake na mkia unasitasita: unatoka, unarudi, unatoka. Kwa Escort naweka 85 upande wa kukanyaga, mkia utoke kwa mpigo mmoja. Upande wa kuachia nashusha hadi 30 hivi, ili nikitoa kidole pua iingie na mkia ulegee. Ukiona gari linakuponyoka kila unapoachia mafuta, panda hadi 45. Kwa Subaru kuna namba ya tatu, ya katikati: peleka nguvu nyuma asilimia 70 au 75.

Mengine yote kwenye ukurasa ule yaache kama yalivyo.

Hatua ya 5: duara

Tafuta uwanja wa udongo usio na miti. Gia ya pili, geuza usukani, kanyaga mpaka mkia utoke, kisha zunguka duara bila kugusa breki wala hendibreki. Kazi yote ni ya kidole cha mafuta. Ukiongeza, mkia unatoka zaidi na duara linabana. Ukipunguza, gari linajinyoosha na duara linapanuka. Kwenye padi nzima ya Xbox kitufe cha mafuta kinatetemeka tairi zinapopoteza mshiko. Mtetemo huo ujifunze kama unavyojua mlio wa simu yako. Dakika ishirini, kulia na kushoto. Inachosha. Dogo mmoja hapa aliilipia nusu saa nzima ya duara na wenzake wakamcheka, na ndiye wanayemwita sasa wakishindwa eneo la drifti, ile sehemu ya barabara ambayo gemu inakupa pointi na nyota kwa kuteleza.

Hatua ya 6: kona moja

Ukitaka kuielewa hatua hii, nenda kasimame mwaloni asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi. Mtumbwi wenye injini hauna breki, na maji hayaushiki kama lami inavyoshika tairi. Nahodha anajua. Akiwa bado mbali na nafasi yake anapunguza moto na kusukuma mkono wa injini, na mtumbwi unaanza kugeuka huku bado unaendelea kule ulikokuwa unaenda. Kwa muda, pua inatazama ufukweni na mwili unasafiri kando. Kisha anaurudisha mkono kabla mtumbwi haujamaliza kugeuka, maana akingoja umalize, utapitiliza. Anatua ubavuni mwa mwenzake bila kumgusa.

Drifti ya vumbi ni hiyo hiyo. Tuseme kona ni ya kulia na unakuja na gia ya tatu, kilomita 90 kwa saa hivi.

Bado barabara imenyooka, gusa breki kidogo, uzito uje mbele. Ukiwa umebakiza urefu wa magari manne au matano kufika kona, toa mafuta na elekeza stiki kushoto kidogo, upande usiokwenda. Ni mguso tu. Gari likiegemea, lirudishe kulia kwa mkupuo mmoja. Uzito uliokuwa umelala upande mmoja unahamia mwingine na mkia unafuata. Madereva wa rali wa Skandinavia ndio waliolipa dunia pigo hili, kwenye barabara zao za theluji na changarawe.

Sasa gari limelala ubavu na kona bado haijaanza. Hapa ndipo watu wanaogopa na kuharibu. Usiogope. Rudisha kidole kwenye mafuta, nusu, na uiache stiki irudi katikati kisha ipite kidogo kushoto. Nasema uiache irudi, usiisukume hadi mwisho. Macho yawe mwisho wa kona, kule unakotokea. Ukitazama mti utaugonga. Kuanzia hapo umerudi kwenye duara: pua ikizidi kuingia, punguza mafuta kidogo, ukiona unatolewa nje, ongeza.

Hendibreki, ambayo ni A kwenye Xbox na X kwenye PlayStation, ibaki kwa zile kona zinazojikunja kama kipini cha nywele, tena uiguse kama unavyogusa sufuria iliyo motoni. Ukiibana unaua kasi, na bila kasi hakuna mtelezo.

Utakosea, na makosa yenyewe yanajirudia. Gari likienda moja kwa moja porini wakati usukani umekata, uliingia na mafuta na tairi za mbele hazikuwa na uzito: achia mapema zaidi. Likizunguka kama pia, ama ulirudisha mafuta kwa pupa ama ulichelewa kurudisha usukani. Na kuna lile linalowachanganya wengi: mtelezo wa kulia umeenda vizuri, halafu mwishoni mkia unachapa kushoto ghafla kama fimbo. Hapo uliushikilia usukani kinyume kwa muda mrefu. Gari lilishanyooka, tairi zako hazijanyooka. Mkumbuke nahodha, yeye anarudisha mkono kabla.

Bonyeza Y, au pembetatu kwa PlayStation, gemu irudi nyuma, uirudie kona ile ile. Mara thelathini kona moja ni bora kuliko kona thelathini mara moja.

Hatua ya 7: kona kwa kona

Barabara ikiwa na kulia kisha kushoto, habari njema: mkia unaorudi mwishoni mwa kona ya kwanza ndio pigo la kuingilia ya pili. Lile lililokuwa kosa sasa linakufanyia kazi. Achia mafuta kona ya kwanza inapoisha, uache mkia upite katikati wenyewe, na uudake upande wa pili kwa mafuta. Kwenye maeneo ya drifti pointi zinatoka kwenye pembe na kasi, kwa hiyo usitamani pembe kubwa mpaka gari litambae. Ukiwa unakusanya mnyororo wa ujuzi, yaani pointi zinazojilimbikiza kwa mbinu unazofuatanisha, kumbuka kugonga kitu sawasawa kunaufuta wote. Kona ya mwisho icheze kwa adabu.

Misimu ya gemu inabadilika kila Alhamisi, na wa mvua ukifika vumbi linakuwa tope. Aliyewahi kupakiwa kwenye bodaboda juu ya udongo mweusi wa mbuga mwezi wa Aprili hana haja ya maelezo: dereva anateremsha miguu yote miwili na nyinyi wawili mnasali. Anza kugeuza mapema zaidi, na tumia gia moja juu ili nguvu ifike taratibu.

Kuna mtego mmoja wa kutegea, pale vumbi linapokutana na lami. Tairi zilizokuwa zinaelea zinashika ghafla, na kama gari bado limelala ubavu litarushwa upande ule pua inakotazama. Ukiona weusi wa lami mbele, linyooshe gari kwanza, vuka, kisha ulilaze upya ukitaka. Wiki iliyopita dogo wa duara alisahau hilo akiwa na nyota tatu mkononi. Gari liliruka uzio, likapita shambani, likatua kwenye barabara nyingine kabisa likiwa zima. Akanitazama. "Kaka, hii nayo ni padi?"