Kidonda cha mguu kilichogoma kufunga: namna ninavyokihudumia

Mzee mmoja, nahodha mstaafu wa hapa Lamu, alinijia na kidonda cha kisigino cha miezi mitano. "Mwanangu, nakimwagia spiriti kila siku, hakisikii." Spiriti yenyewe ilikuwa inamponza.

Kabla ya kukigusa, jua yanayoendelea ndani. Ngozi ikikatwa, nyutrofili, seli nyeupe za damu, hutangulia kufika. Huua vijidudu, nazo hufa. Makrofaji, seli kubwa za kinga, huzila, na kule kuzila ndiko kunakozigeuza makrofaji: zinaacha kuchochea uvimbe, zinaanza kuita fibroblasti, seli za tishu zinazofuma kolajeni, nyuzi za protini zinazoshikilia ngozi. Katika kidonda sugu zamu hii haibadilishwi. Vijidudu na nyama iliyokufa huzidi kuita nyutrofili, nazo humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni. Ni kama fundi anayepaka chokaa ukuta wa mawe huku mwenzake akiikwangua ingali mbichi. Fibroblasti nazo zina lawama: zikichokozwa muda mrefu, hutoa kemikali za kuita seli za kinga zaidi.

Hatua ya 1: Pima urefu na upana kwa rula, andika tarehe. Kwa mwenye kisukari, eneo lisipopungua nusu katika wiki 4, usingoje, mpeleke hospitali. Kidonda cha miaka chenye kingo nene kikatwe kipande kipimwe saratani.

Hatua ya 2: Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua vijidudu, lakini huua na fibroblasti.

Hatua ya 3: Papasa mshipa juu ya unyayo. Haupigi? Usikate chochote, huenda damu haifiki huko vya kutosha. Ukipiga, nyama iliyokufa itolewe na aliyefunzwa. Wembe wa nyumbani, hapana.

Hatua ya 4: Funika kwa bandeji inayotunza unyevu. Wengi hukiacha wazi kipigwe na upepo wa bahari "kikauke", ilhali seli za ngozi hutambaa juu ya unyevu. Kisigino kisikanyagiwe.

Hatua ya 5, ambayo kwangu ndiyo nzito: pima sukari. Ikiwa juu, nyutrofili hupigana kivivu na makrofaji hukwama kwenye kuchochea uvimbe, hata ufunge bandeji ya dhahabu. Ya nahodha ilisoma 16 mmol/L. Viatu alikubali kubadili siku ile ile. Halua tulibishana wiki tatu.