Dengue nyumbani: hesabu siku, usihadaike na kipimajoto

Masika ya mwaka 2019, dengue, yaani kidingapopo, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, ilipoishika Dar es Salaam, nilikuwa nakaa kwenye dirisha la kutolea damu maabara. Swali nililoulizwa kuliko yote lilikuwa hili: "Dada, virusi vyangu ni vingi au vichache?" Watu wamezoea kipimo cha wingi wa virusi kwa ndugu zao wanaotumia ARV, ambapo namba ikishuka familia inashangilia. Kwa kidingapopo mambo yamegeuka. Virusi vinapopungua kwenye damu ndipo mgonjwa anapoweza kutuangukia. Nilikuwa nalisema hilo dirishani kila siku, lakini nililielewa vizuri mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alipougua kwangu.

Kwanza tafuta daftari. Andika siku na saa homa ilipoanza, siyo siku mliyokwenda hospitali. Yake ilipanda Jumapili jioni: kichwa, maumivu nyuma ya macho, mgongo kama amepigwa rungu. Jumapili ikawa siku ya 1. Usikadirie, maana kila uamuzi utakaofuata unasimama juu ya hesabu hiyo.

Halafu kapimeni. Malaria ipimwe kwa vyovyote, na ikionekana isiwafanye muisahau dengue, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na zote mbili. Kwa dengue, kipimo kinategemea siku. Virusi huanza kuonekana kwenye damu hata siku 1 au 2 kabla ya homa, vikajaa siku za mwanzo, kisha vikashuka haraka. Kipimo cha NS1 hutafuta protini inayomwagwa na virusi hivyo, kwa hiyo kinafaa siku ya 1 mpaka ya 5. Baada ya hapo tunatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili umetengeneza kupambana na virusi. Nimeona watu wakija siku ya 7, NS1 ikasoma hasi, wakarudi nyumbani wakisema hawana dengue. Kipimo hakikudanganya, wao ndio waliochelewa. Na aliyewahi kuugua dengue zamani, NS1 yake inaweza kupotea mapema zaidi.

Dawa ni parasetamoli tu. Mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Asipirini, ibuprofeni na diklofenaki viacheni kabisa, pamoja na ile sindano ya maumivu ya duka la dawa, kwa sababu vinaongeza hatari ya kutoka damu. Kila anachokunywa kiandikwe: ORS, madafu, uji mwepesi, supu. Na kila anapokwenda kukojoa kiandikwe. Mdogo wangu aliona haya kuniambia, nikamwambia achore mstari ukutani. Zikipita saa 6 bila mstari, tunakwenda hospitali.

Wakati huohuo mlazeni ndani ya chandarua, na hasa mchana. "Dada, chandarua saa sita mchana?" Ndiyo. Aedes, yule mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla jua halijazama. Siku hizi za mwanzo damu ya mgonjwa imejaa virusi. Mbu akiinywa, baada ya siku 8 hadi 12 hivi naye anaweza kuambukiza, tena mpaka afe. Sisi tunaishi nyumba ya wapangaji sita, uani kuna mapipa na ndoo za kila mtu. (Mapipa hayo usimwage maji tu. Sugua kuta zake kwa brashi, maana mayai hunata pale na hustahimili ukavu kwa miezi.) Wapo pia wanaobeba virusi bila kuhisi lolote, nao mbu anawanyonya vilevile, ndiyo maana sikuona haja ya kumtafuta wa kumlaumu.

Sasa siku ya 5, Alhamisi. Homa ikashuka hadi nyuzi 37. Akaoga, akaomba funguo za pikipiki. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, virusi vinakuwa vinaondoka, lakini vita ambayo mwili umepigana navyo hulegeza mishipa midogo, na majimaji ya damu yakavujia tumboni na kifuani. Damu inayobaki huwa nzito, presha inaanguka. Kipindi hicho huchukua saa 24 hadi 48, na kipimajoto hakikuonyeshi chochote. Wagonjwa mahututi wengi huwa walianza na virusi vingi, ni kweli, lakini namba hiyo haikuambii wako ataelekea wapi.

Nilificha funguo. Jioni akasema tumbo linamkata, akatapika mara tatu mfululizo, mikono ikawa baridi. Hizo ni dalili za kwenda hospitali usiku huohuo bila kungoja kuche, pamoja na fizi au pua kutoa damu, kinyesi cheusi, kupumua kwa shida, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida. Alitundikiwa dripu kwa kiasi kilichopimwa, na Jumamosi akaomba chipsi.

Chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zilishuka hadi 60,000, wakati kawaida huanzia 150,000. Simu za ndugu zikaita: aongezewe damu! Daktari hakumwongezea, kwa kuwa hakuwa anatoka damu, na zikapanda zenyewe. Shangazi akaleta juisi ya majani ya mpapai. Nilimshukuru nikaiweka pembeni. Ni chungu, inaweza kutapisha, na kutapika ndiyo dalili niliyokuwa naivizia.

Kama maumivu yamekaa kwenye viungo na vimevimba, huenda ni chikungunya, homa nyingine ya virusi vya mbu, jina lililotoka kwa Wamakonde wetu, mlipuko wa 1952 huko Newala. Yenyewe virusi huisha kwenye damu ndani ya siku chache, maumivu yakabaki miezi. Hata hivyo msirukie diklofenaki mpaka mhakikishiwe kuwa si dengue.

Daftari lisitupwe. Dengue ina aina nne. Ukipona moja unakingwa nayo, lakini ukipatwa na nyingine baadaye, ugonjwa unaweza kuwa mkali zaidi. Mdogo wangu amekunja karatasi nyuma ya leseni yake: "NS1 chanya, Mei 2019." Nilimwandikia mimi, kwa kalamu ya maabara isiyofutika kwa jasho.