Namna ya Kufundisha Vita vya Rezang La kwa Udongo

Mimi hufundisha historia hapa Nakuru, na vita hivi sivifundishi kwa chaki. Mwanafunzi akikariri kwamba tarehe 18 Novemba 1962 kombania moja ya jeshi la India iliangamia Rezang La, kipito cha mlimani Ladakh, kaskazini mwa India, ikipigana na Wachina, ameshika tarehe tu. Nataka aone kwa nini mizinga ya India yenyewe haikuiokoa kombania ile.

Tafuta plaiwudi yenye upana wa meza. Kanda udongo wa mfinyanzi na unga wa mbao kutoka kwa seremala, usije ukapasuka ukikauka. Finyanga mgongo mrefu wa mlima, na upande wa mashariki uchore mabonde membamba yanayopanda hadi juu. Nyunyiza chokaa iwe theluji. Hapo ni takriban mita 5,000. Menengai wanayoiona dirishani ni mita 2,278, na kilele cha Lenana ni 4,985, kwa hiyo wataelewa upesi.

Panga maharagwe kama 120: platuni 3 zilizoachana, na kando yake makao ya kamanda wao, Meja Shaitan Singh. Hii ni Kombania C ya bataliani ya 13 ya Kumaon. Wengi wao walikuwa vijana wa jamii ya Ahir, watoto wa wakulima wa nyanda za Haryana. Hebu fikiria vijana wa Ahero wapelekwe Lenana na nguo zisizotosha kwa baridi ile, waambiwe wachimbe mahandaki kwenye ardhi iliyoganda. Nyuma yao kulikuwa na kijiji cha Chushul na uwanja wake wa ndege. Kipito kile hakikuweza kuachwa wazi.

Sasa weka kiberiti upande wa Chushul kiwe mzinga, na kati yake na maharagwe inua ukingo mwingine. Lazima mtoto mmoja atauliza, "Mwalimu, si kombora linapaa na kushuka?" Mpe waya mwembamba aukunje kama upinde, kutoka kwenye kiberiti hadi kwenye mabonde. Ukingo ukiwa mrefu na karibu, waya utaugusa, au utauruka na kuangukia mbali kupita mabonde. Mwache ajaribu mpaka akubali mwenyewe. Usimsaidie.

Mapambano yenyewe yasimulie kwa kusogeza mahindi, ndio Wachina. Wachina walipanda mabondeni alfajiri, wakarudishwa kwa bunduki, rashasha na mabomu ya mkono. Wakapiga mizinga, kisha wakaja kwa pembeni na nyuma. Meja alihama kutoka platuni hadi platuni akiwapa moyo watu wake. Alipojeruhiwa vibaya askari wakambeba, akawaamuru wamwache waende. Wakamwegemeza kwenye mwamba.

Hapa naomba usiharakishe. Mapigano yalisitishwa siku chache baadaye, lakini maiti zilikaa thelujini hadi Februari 1963. Walikutwa mahandakini, wengine silaha ingali mikononi, na Meja palepale alipoachwa. Waliokufa walikuwa 114. Meja alitunukiwa Param Vir Chakra, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani India.

Kisha wape kazi: kwa nusu ukurasa, kila mmoja aeleze mzinga ungewekwa wapi ili ufikie mabonde yale. Usahihishe kwa waya, mbele ya darasa.