Swizilingi kwenye iOS: kudaka methodi apu ikiwa inaendelea kukimbia

Haya wakuu, tuseme bosi anataka kila skrini inapofunguka ijiandike kwenye logi, na apu ina skrini kibao. Kuzipitia moja moja ni kujichosha bure, utafanya kitu kimoja tu, utabadilisha `viewDidAppear:` ya UIViewController yenyewe na zote zitafuata.

Inawezekana kwa sababu Objective-C haiamui mapema ni kodi gani itaitwa. Ukiita methodi, `objc_msgSend` inachukua jina, yani selekta, inaenda kwenye jedwali la ile klasi kutafuta pointa ya kodi, yani IMP, ndo inaruka huko. Sisi tunabadilisha pointa mle kwenye jedwali, basi, na hiyo ndo swizilingi.

Hatua ya 1: tengeneza kategori, yani nyongeza ya methodi kwenye klasi iliyopo tayari, kwenye faili la `.m` (la Objective-C). Hata kama apu yako ni ya Swift weka hivyo hivyo, maana Swift haikuruhusu kuandika `load`, methodi inayojiendesha yenyewe klasi inapopakiwa.

Hatua ya 2: bandika hii

```
#import <UIKit/UIKit.h>
#import <objc/runtime.h>

@implementation UIViewController (Ufuatiliaji)

+ (void)load {
  static dispatch_once_t mara;
  dispatch_once(&mara, ^{
    SEL a = @selector(viewDidAppear:);
    SEL b = @selector(fua_viewDidAppear:);
    Method ma = class_getInstanceMethod(self, a);
    Method mb = class_getInstanceMethod(self, b);
    if (class_addMethod(self, a,
          method_getImplementation(mb),
          method_getTypeEncoding(mb))) {
      class_replaceMethod(self, b,
          method_getImplementation(ma),
          method_getTypeEncoding(ma));
    } else {
      method_exchangeImplementations(ma, mb);
    }
  });
}

- (void)fua_viewDidAppear:(BOOL)animated {
  [self fua_viewDidAppear:animated];
  NSLog(@"Skrini: %@", NSStringFromClass([self class]));
}
@end
```

Sasa hapo kwenye `[self fua_viewDidAppear:animated]` ndo wengi wanashtuka, si inajiita yenyewe mpaka apu ife? Hapana. Majina yameshabadilishana kodi, kwahiyo ukiita `fua_` unaifikia ile ya Apple ya zamani, na mfumo ukiita `viewDidAppear:` unaangukia kwako. Ukifuta huo mstari kazi ya Apple haifanyiki kabisa, na hutapata onyo lolote.

Na `class_addMethod` usiiruke, hata kama mifano mingi mtandaoni inaenda moja kwa moja kwenye `method_exchangeImplementations`. Klasi inaweza kuwa haina hiyo methodi yenyewe, imerithi tu kwa mzazi, sasa ukibadilishana hapo umemgusa mzazi na watoto wake wote, halafu mtoto mwingine asiyejua `fua_` akiitwa apu inakufa na `unrecognized selector`. Kwa hiyo tunajaribu kuongeza kwanza, ikikataa maana yake klasi inayo ya kwake, hapo badilisha kwa amani.

Kiambishi `fua_` weka chako, kisifanane na cha mtu, maana laibrari mbili zikitumia jina moja kwenye klasi moja hujui ipi itashinda.

Hatua ya 3: endesha, fungua skrini mbili tatu, angalia konsoli ya Xcode. Utaona na vitu hukuviandika kama UINavigationController, vichuje kwa jina. Skrini za SwiftUI zitatokea na jina refu lenye UIHostingController ndani, halisaidii sana. Kama skrini fulani haitokei kabisa, nenda kaangalie kama aliyeiandika ameita `super`, yani methodi ya klasi mzazi, asipoita wewe hufikiwi. Na kama kategori iko ndani ya static library na kimya kimetawala, ongeza `-ObjC` kwenye Other Linker Flags.

Klasi zako za Swift nazo zinataka methodi iwe `@objc dynamic`, `@objc` peke yake haitoshi kwa sababu kompaila inaweza kuita kodi moja kwa moja bila kupita kwenye jedwali. Struct sahau.

Kabla hujapeleka App Store cheki na laibrari zako pia, mfano Firebase ya Google inaswizo AppDelegate (klasi inayopokea matukio ya apu nzima) kivyake ili ipate tokeni ya notifikesheni. Ukitaka iache weka `FirebaseAppDelegateProxyEnabled` kuwa NO kwenye Info.plist, ila hapo tokeni ya APNs, huduma ya notifikesheni ya Apple, utaipa Messaging ya Firebase kwa mkono wako.